MUULIZE FUNDI: Ziro-tani, mteremko na bwawa

Majira ya nyasi yameanza huku Marekani, na barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mashine moja: ile ya kukata nyasi ya kukaliwa, yenye leva mbili badala ya usukani, inayogeuka palepale iliposimama. Vijana wetu wanaiita ziro-tani, nami nitaiita hivyo. Hii ya leva mbili ilizaliwa Kansas miaka ya 1960, kwenye nchi tambarare, na hilo la utambarare mlikumbuke kwa sababu barua ya kwanza inahusu mteremko.

Kwa wasomaji wapya: ufundi nilianzia karakana ya shamba la mkonge Korogwe, kwenye matrekta, na sasa nina banda langu la matengenezo hapa Louisville, Kentucky. Wengi wanaonijia ni ndugu zetu Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, ambao kazi ya bustani ndiyo iliyowapokea walipofika. Wanakabidhiwa mashine asubuhi, wanaelezwa harakaharaka kwa Kiingereza cha puani, halafu gari linaondoka. Hilo linaniuma. Kwa hiyo leo nitajibu kwa kirefu pale panapohitaji urefu.

*

Fundi, habari za kazi. Nina miaka 22, nimeajiriwa na kampuni ya bustani hapa Dayton, Ohio. Kuna nyumba za kupanga tunazozihudumia, nyuma yake kuna bwawa la maji ya mvua, na ukingo wake umeteremka hadi majini. Wiki iliyopita asubuhi mashine iliteleza kwa ubavu. Nilirudisha leva ili isimame lakini iliendelea kushuka, ikaja kusimama yenyewe karibu kabisa na maji. Msimamizi anasema nikaze moyo, nitazoea. Ni kweli nitazoea?

Hapana, mdogo wangu. Hutazoea, na usijaribu kuzoea. Ukiizoea hofu hiyo, siku ya pili utaenda karibu zaidi na maji.

Acha nikueleze kilichotokea chini yako. Ziro-tani ina pampu mbili za haidroliki, moja ya gurudumu la nyuma kulia, nyingine la kushoto. Kila leva inatawala upande wake. Ukisukuma zote mbele, unakwenda. Ukisukuma moja zaidi ya nyingine, unakata kona. Ukisukuma moja mbele na kuvuta nyingine nyuma, mashine inazunguka mahali pamoja. Magurudumu ya mbele hayana kazi ya kuongoza wala kusimamisha. Yanafuata tu, kama yale ya toroli la dukani. Na mashine nyingi za aina hii hazina breki ya mguu ya kusimamishia mwendo. Unasimama kwa kurudisha leva katikati. Breki ya mkono iliyopo ni ya kuegesha.

Sasa jumlisha. Kwenda, kugeuka na kusimama, vyote vitatu vimewekwa kwenye matairi mawili ya nyuma. Trekta likiteleza nyuma, bado una magurudumu ya mbele ya kulielekeza. Ziro-tani ikiteleza nyuma, huna kitu. Ulipozirudisha leva, zilitii: magurudumu yalisimama. Ila tairi lililosimama juu ya nyasi zenye umande linateleza hivyohivyo, na chini yako palikuwa na maji. Si woga wako ulioiteremsha mashine, na ushujaa usingeizuia.

Kwa hiyo jambo hili linaamuliwa kabla hujakaa kwenye kiti. Tembea uwanja wote kwa miguu. Angalia mawe, waya, vichwa vya mabomba ya kumwagilia, mashimo ya wanyama yaliyofichwa na nyasi, halafu upime mteremko. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha nyuzi 15, na mashine ndogo za nyumbani baadhi yake hazitakiwi kupita nyuzi 10. Kikomo cha mashine yako kimeandikwa kwenye kitabu chake, na mara nyingi kwenye stika iliyobandikwa karibu na kiti.

Kupima si kazi. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja na pima maji, ileile ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu wa mteremko, inua ncha ya chini hadi pima maji iseme ubao umelala sawa, kisha pima kwa futi nafasi kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ukipata sentimita 18, ni kama nyuzi 10. Ukipata 27, umefika nyuzi 15. Zaidi ya hapo ziro-tani haipandi. Simu yako pia ina programu ya kupimia mwinamo, lakini mimi naupenda ubao kwa sababu msimamizi wako ataona kwa macho yake.

Halafu kuna maji yenyewe. Hata ukingo ukiwa wa nyuzi 8 tu, usisogee hadi kwenye mdomo wa bwawa. Kanuni inayotolewa kwenye vitabu vingi vya mashine hizi ni kuacha upana wa deki (lile bati pana la chini linalofunika visu) mara mbili kutoka kwenye maji, mtaro, ukuta wa kuzuia udongo, au mahali popote ardhi inapokatika ghafla. Deki ya inchi 60 ni kama mita moja na nusu, basi acha mita 3. Ukanda huo unakatwa kwa mashine ya kusukuma au ile ya uzi ya kushika mkononi. Ni kazi ya ziada, najua, na kampuni haipendi kazi ya ziada. Lakini mwendeshaji aliyebanwa chini ya mashine majini hahitaji bwawa liwe na kina kirefu ili afe. Maji ya magotini yanatosha.

Usikate mteremko asubuhi yenye umande wala baada ya mvua. Anza na sehemu tambarare, mteremko uuache jua lipande. Tazama matairi ya nyuma. Yakiwa vipara, mteremko wa jana uliopitika leo haupitiki. Ukikata, nenda polepole na kwa mwendo mmoja, usishtue leva, usigeuke ghafla. Kuhusu kukata kwa kupanda na kushuka au kwa kukingama, watengenezaji hawasemi kitu kimoja, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine uliyokalia, si cha mashine ya mwenzako. Ukihisi matairi yanaanza kuteleza, zima visu, shuka moja kwa moja polepole bila kugeuza. Usitoe mguu kujaribu kuizuia.

La mwisho kwako, na ni la uhai. Nyuma ya kiti kuna tao la chuma. Likiwa limesimama, funga mkanda wa kiti, kila mara. Mashine ikipinduka, tao linabeba uzito na mkanda unakuweka ndani ya nafasi ya usalama. Likiwa limekunjwa, usifunge mkanda, maana sasa hakuna kinachobeba uzito na mkanda utakufungia chini ya mashine. Watu hulikunja ili wapite chini ya matawi, kisha husahau kulisimamisha, wakaenda nalo hivyohivyo hadi kwenye mteremko. Likunje pale tu penye tawi, pakiwa tambarare, na ulisimamishe ukishapita.

Msimamizi mpeleke kwenye stika. Mwonyeshe kwa kidole. Umri wako ni wa mwanangu wa mwisho, na ningemwambia hivihivi.

*

Nafanya kazi Fort Worth, Texas. Kila nikipita kwenye kishimo mashine ilikuwa inazimika. Bosi akaunganisha waya kwenye swichi iliyo chini ya kiti, sasa haizimiki tena na kazi inakwenda. Kuna ubaya wowote?

Upo, mkubwa.

Swichi ile inajua kama kuna mtu kitini. Mtu akinyanyuka au akirushwa, inazima injini na kusimamisha visu. Ncha ya kisu cha mashine hizi huweza kwenda kasi ya futi 18,000 kwa dakika, na ukiigeuza kwa hesabu yetu ni zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Bosi wako alipounganisha ule waya, aliamua kwamba ukianguka, visu viendelee kuzunguka na magurudumu yaendelee kwenda.

Lakini nakubali tatizo lilikuwepo. Mashine inayozimika kila kishimo haifai, ila tiba yake si waya. Kwanza angalia soketi inayoingia kwenye swichi; mara nyingi imelegea au imeota kutu. Pili, waya unaopita kwenye bawaba ya kiti huchubuka kwa kukunjwa. Tatu, kiti chenye springi kina kirekebishi cha uzito. Mtu mwembamba akikaa kwenye kiti kilichorekebishwa kwa mtu wa kilo 110, kila kishimo kinamnyanyua. Kirekebishe kilingane na wewe. Nne, punguza mwendo. Yote hayo yakishindikana, swichi yenyewe imechoka, na kuibadili ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote. Ule waya utoke leo.

Na kila asubuhi, kabla ya kupakia mafuta na maji ya kunywa, fanya jaribio hili mahali pa wazi pasipo watu. Washa swichi ya visu, kisha jaribu kuwasha injini: isiwake. Zima visu, funga breki, leva zikiwa nje: sasa iwake. Injini ikinguruma, washa visu, kisha nyanyua makalio kidogo tu kutoka kitini bila kushuka: injini izimike. Sikiliza visu vinavyosimama. Ndani ya sekunde 5 hadi 7 vinapaswa kuwa kimya. Vikiendelea zaidi, klachi yake ina kasoro. Mashine isiyofaulu jaribio hili haiendi kazini.

Bosi akikataa, jua kwamba Marekani ina sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970, na ofisi inayoisimamia ni OSHA. Mfanyakazi anaweza kupeleka malalamiko na kuomba jina lake lisitajwe, na sheria inakataza mwajiri kumwadhibu kwa kufanya hivyo. Anza kwa kuzungumza naye kwa heshima. Wengi wao hawajawahi kuelezwa swichi ile ni ya nini.

*

Fundi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tuko Des Moines, Iowa. Baba watoto amenunua ziro-tani ya nyumbani, na kila Jumamosi anampakata mdogo wetu wa miaka mitatu anapokata nyasi. Mtoto anafurahi sana. Mimi moyo unanidunda, lakini nikisema naambiwa nina hofu za kike. Wa kwanza ana miaka kumi na miwili na yeye ameanza kuomba aendeshe. Naomba useme wewe.

Marahaba, mwanangu. Moyo wako unadunda kwa sababu unaona sawasawa. Na jibu hili namwandikia yeye, mpe asome.

Kaka, mtoto hapakatwi kwenye mashine ya visu. Hata kwa mwendo wa kobe, hata visu vikiwa vimezimwa. Mikono yako miwili iko kwenye leva. Ukimshika mtoto umeachia leva, ukishika leva umemwachia mtoto. Kishimo kimoja kinatosha kumrusha mbele ya deki.

Hatari nyingine inakuja siku ambayo hukumpakata. Mtoto aliyeonja kupandishwa akisikia injini anatoka mbio kuja kupanda tena, na anakuja kwa nyuma au kwa ubavu, kutoka upande usioutazama. Wewe unarudi nyuma kugeuza, injini inapiga kelele, masikio umeyaziba kama inavyotakiwa. Watoto wadogo wengi wanaoumizwa vibaya na mashine hizi wanagongwa na mtu anayewapenda, anayerudi nyuma. Nimewahi kuletewa mashine kusafishwa baada ya ajali kama hiyo. Sitaeleza zaidi.

Siku ya kukata nyasi watoto wawe ndani ya nyumba, na mtu mzima mwingine awe nao. Si barazani, ndani. Mtu yeyote akiingia uwanjani, zima visu kwanza halafu uulize anataka nini. Kabla ya kurudi nyuma, tazama nyuma na tazama chini, na uendelee kutazama wakati unarudi. Lile bapa linalofunika mdomo wa kutolea nyasi lisiinuliwe wala kufungwa juu kwa kamba. Jiwe likitoka pale linaweza kupasua dirisha, sembuse jicho la mtoto.

Huyo wa miaka kumi na miwili, madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wanashauri mtoto asiendeshe mashine ya kukaliwa kabla ya miaka 16. Ile ya kusukuma, angalau miaka 12. Kwa hiyo mnunulie viatu vigumu na miwani ya kinga, mfundishe ile ya kusukuma ukiwa pembeni yake. Heshima ya kazi ataipata bila leva.

*

Salaam kutoka Limuru. Mimi ni mwalimu, na shule yetu imepata mashine ya mtumba ya aina hii kutoka kwa rafiki zetu walioko Marekani. Ikifika huku inatoa moshi mweusi, plagi zinaloa, na haina nguvu hata ya kupanda kilima kidogo kuelekea uwanja wa mpira. Huko inasemekana ilikuwa nzima kabisa. Tumepelekwa kwa fundi wa pikipiki akasema injini imekufa.

Mwalimu, injini haijafa. Inakosa pumzi.

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi huko. Kabureta lake lilipangwa kwa nchi ya chini, linaendelea kumimina petroli kwa kipimo kilekile ilhali hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito, petroli yote haiungui, ndiyo moshi mweusi na plagi zilizoloa. Watengenezaji wa injini hutoa jeti ndogo za kabureta (kile kitundu kinachopitisha petroli) kwa ajili ya nchi za milimani. Chukua namba ya injini iliyo kwenye kibandiko chake, si namba ya mashine, uwaandikie hao rafiki zenu wawatafutie jeti ya nyanda za juu ya injini hiyo. Inaingia kwenye bahasha. Fundi wa pikipiki ataweza kuifunga, akielekezwa. Kabla ya hapo safisha chujio la hewa, maana likiziba dalili ni hizohizo.

Nguvu haitarudi yote. Hesabu inayotumika ni kwamba injini ya aina hii hupoteza kama asilimia 3 na nusu kwa kila futi 1,000, yaani kila mita 300. Kwa Limuru ni kama robo ya nguvu. Kata polepole, inua deki, na nyasi zikiwa ndefu zikate mara mbili, ya kwanza juu, ya pili chini.

Na hicho kilima cha kwenda uwanjani, mwalimu, kipime kwa ubao kama nilivyomweleza kijana wa Dayton. Nchi yenu ya chai haina utambarare mwingi. Wanafunzi wawe madarasani, na msigawe kazi hii kuwa zamu ya wanafunzi wala adhabu. Achaguliwe mtu mzima mmoja, afundishwe, iwe mashine yake.

*

Niko hapahapa Louisville, mtaa wa kusini. Mashine yangu inakata nyasi kama ngazi, upande mmoja juu mwingine chini, na nikinyoosha leva zote inavuta kulia. Wateja wanaanza kulalamika.

Jirani, kabla hujaja bandani kwangu na pesa, pima upepo wa matairi. Sicheki. Tairi la kulia likiwa na upepo mdogo linakuwa dogo, mashine inavuta huko, na deki inainama huko. Kasoro zako zote mbili zinaweza kuwa tairi moja. Matairi ya nyuma ya mashine nyingi yanataka psi kati ya 8 na 15. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu. Geji ya kupimia upepo wa gari haisomi vizuri chini hivyo, nunua ndogo ya psi ya chini.

Upepo ukiwa sawa na bado inavuta, kuna skrubu ya kurekebisha mwendo kwenye vyuma vinavyotoka kwenye leva kwenda pampu. Unapunguza upande wenye kasi hadi ulingane na ule wa polepole.

Ngazi kwenye nyasi: egesha kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Toa ufunguo, chomoa waya za plagi zote mbili, vaa glavu nene. Zungusha visu kwa mkono vielekee kushoto na kulia, pima kutoka ncha hadi sakafuni pande zote, vilingane. Kisha vielekeze mbele na nyuma: ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Ikiwa kinyume, kisu kinakata mara mbili, kinakula nguvu, na nyasi inabaki na ncha za kahawia.

Visu vinoe kila baada ya saa 25 hivi za kazi, mapema zaidi kama ardhi yako ni ya mchanga. Kutoa kisu unainua mashine kwa jeki, kisha unaiweka juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Mtu haingii chini ya kitu kilichoshikwa na mafuta ya jeki. Ukishanoa, tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, upunguze kidogo. Kisu kisicho na mizani kinatikisa beringi mpaka zife. Kilichopinda au chenye ufa kinatupwa. Hakinyooshwi kwa nyundo, hakichomelewi. Kinaporudi, bawa lake lililoinuka litazame juu, ndani ya deki, na bolti ikazwe kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni.

*

Mashine ilizimika katikati ya uwanja, tukaifunga kamba tukaivuta kwa pikapu hadi kwenye trela. Tangu hapo upande wa kushoto ni mzito na unalia. Imefanya kazi saa 610, haijawahi kubadilishwa mafuta ya haidroliki.

Ziro-tani haivutwi kwa gari. Magurudumu yanapozunguka injini ikiwa imezimwa, yanalazimisha mota zake za haidroliki kuzunguka bila pampu kuzilisha mafuta. Kuna valvu mbili, moja kila upande, karibu na magurudumu ya nyuma, za kufungulia mafuta yapite huru. Unazima injini, unazifungua zote mbili, unafungua breki, na mnaisukuma kwa mikono polepole mahali tambarare.

Kwa sasa kagua kwanza kama valvu ya kushoto imefungwa kabisa. Ikibaki wazi kidogo, upande huo utakuwa dhaifu. Kisha badilisha mafuta na filta zake. Kwa mifumo mingi ya kibiashara badiliko la kwanza ni kati ya saa 75 na 100, halafu kila saa 400 hadi 500, na mingi inatumia oili ya 20W-50. Yako imepitwa sana. Baada ya kujaza lazima utoe hewa: magurudumu ya nyuma yawe hewani juu ya stendi, yale ya mbele yamezuiwa, valvu wazi, injini taratibu, sukuma na vuta leva polepole mara tano au sita. Zima, funga valvu, rudia. Ongeza mafuta yanaposhuka. Kelele ikiisha, umepona. Isipoisha, ilete, pampu au mota imekwaruzika.

Oili ya injini yenyewe ni jambo jingine, msichanganye: badiliko la kwanza mapema, saa 5 hadi 8, kisha injini nyingi za kibiashara zinataka kila saa 100. Andikeni kwa kalamu ya rangi ndani ya boneti kila mnapobadilisha. Na mapezi ya chuma yanayoipoza injini myasafishe, yanaziba kwa vumbi la nyasi. Nyasi kavu juu ya ekzosi nayo inawaka moto.

*

Swali fupi, Fundi: rampu ya trela naipanda kwa mbele au kwa nyuma? Mwenzangu juzi mashine iliinua pua akaruka. Halafu petroli naweza kujaza mashine ikiwa juu ya trela?

Panda kwa kurudi nyuma, shuka kwa kwenda mbele. Uzito mwingi wa mashine uko nyuma. Ukipanda kwa mbele, pua inanyanyuka kama ilivyomfanyia mwenzako. Tumia rampu ya upana mzima, si mbao mbili za magurudumu. Urefu wake uwe angalau mara nne ya kimo cha trela: kimo cha sentimita 60, rampu ya mita 2 na sentimita 40. Trela liwe limefungwa kwenye gari, breki ya gari imekazwa, visu vimezimwa. Usibadili mwelekeo ukiwa katikati ya rampu. Ukifika juu, kaza breki ya mkono, funga bomba la petroli, funga mikanda minne, moja kila pembe.

Petroli hapana. Shusha mashine kwanza, acha injini ipoe, kisha ujaze ikiwa ardhini. Na dumu la plastiki likijazwa kituoni liwekwe chini, si ndani ya pikapu, kwa sababu umeme tuli hujikusanya kwenye zulia la plastiki la nyuma ya gari na cheche moja inatosha. Chagua pampu isiyozidi asilimia 10 ya ethanoli; ile ya 15 acha kwa magari yanayoiruhusu. Petroli iliyolala zaidi ya mwezi bila dawa ya kuihifadhi usiimimine kwenye ziro-tani yako.

Maswali ya mwezi ujao yanipate mapema, hasa ya betri na kuhifadhi mashine wakati wa baridi, yameshaanza kufika.